Haki Haiulizi Dini: Neno Kuhusu Wakili Tundu Lissu



Ndugu zangu Waislamu wa Busiu, Mbale na Jinja, wazazi na nyinyi wanafunzi. Liko neno linalosemwa barazani baada ya swala, na sasa vijana wetu wa madrasa wameanza kulirudia. Wanasema: "Mambo ya Tundu Lissu hayatuhusu. Yeye ni Mkristo, na rais anayelaumiwa ni Mama Samia, dada yetu katika Uislamu." Neno hili ni baya. Anayelisema mbele ya watoto anawafundisha dhulma.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Lissu ni mwanasheria wa Tanzania, mzaliwa wa Singida. Kabla ya kuingia bungeni mwaka 2010 alifanya kazi na LEAT, chama cha wanasheria wa mazingira, akidai uchunguzi huru juu ya wachimbaji wadogo waliofukuzwa Bulyanhulu mwaka 1996. Kwa kelele hizo alishtakiwa uchochezi. Tarehe 7 Septemba 2017 alimiminiwa risasi Dodoma. Allah akamnusuru, akatibiwa Nairobi na Ubelgiji, kisha akarudi kugombea urais mwaka 2020. Aprili 2025 akashtakiwa uhaini, kosa lisilo na dhamana, na adhabu yake ni kifo. Siku chache baadaye chama chake, CHADEMA, kikazuiwa kushiriki uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 Mama Samia akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98.

Sasa turudi kwenye Kitabu. Katika Suratun-Nisaa, kuanzia aya ya 105, Mtume (s.a.w.) anakatazwa kuwa mtetezi wa wenye khiyana. Wafasiri wanaeleza sababu yake: mtu wa Madina aliyehesabiwa miongoni mwa Waislamu aliiba deraya, na jamaa zake wakamsukumia wizi huo Yahudi. Walitaka Mtume awatetee kwa kuwa ni watu wake. Aya zikashuka kumsafisha Yahudi. Basi ndugu yangu, wewe unayesema "ni dada yetu", umesimama upande gani wa kisa hicho?

Watasema: lakini ni katika utawala wa Mama Samia, Juni 2021, ndipo masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walipofutiwa mashtaka na kuachiwa. Ni kweli, na tunashukuru. Lakini waliposhtakiwa ugaidi mwaka 2014, rais alikuwa nani? Alikuwa Jakaya Kikwete, naye ni Mwislamu. Uislamu wa rais haukuwafungulia mlango wa jela. Anayeona sawa jirani Mkristo kusota rumande, asishangae kesho mlango huo huo ukifungwa nyuma ya mwanawe.

Wala tusijidanganye kwamba haya ni ya Tanzania peke yake. Mei 2025 Agather Atuhaire, Mganda mwenzetu, mwanasheria na mwandishi wa habari, alikwenda Dar es Salaam kufuatilia kesi ya Lissu. Alikamatwa, na baada ya siku kadhaa akatupwa mpakani Mutukula. Mwenyewe alieleza kuwa aliteswa. Hayatuhusu?

Sisemi Lissu ni malaika. Siasa zake mtu anaweza kuzikataa, na hiyo ni haki yake. Wala sisemi kila wakili anayegombea ni mwadilifu. Wako wanaofanya kesi ya maskini kuwa ngazi, wakishafika juu wanaivuta ngazi. Kwa hiyo akija wakili kuomba kura, muulizeni: Kabla hujataka kura, ulimtetea nani? Je, ulimtetea asiye wa dini yako wala wa kabila lako? Ulipotishwa, uliiacha kesi au uliendelea nayo? Na huyu wakili wetu anayevaa kanzu na kuleta tende mwezi wa Ramadhani, naye aulizwe hayo hayo. Kanzu si jibu.

Kabla ya utume, Mtume wetu alihudhuria Hilful-Fudhul, mapatano ya watu wa Makka ya kumsaidia kila aliyedhulumiwa. Waliopatana naye hawakuwa Waislamu. Baadaye, akiwa tayari Mtume, alisema kwamba lau angeitwa tena kwenye mapatano kama yale angeitika. Sisi tunaitwa, na tunauliza kwanza aliyedhulumiwa anasali wapi!

Wanafunzi, someni sheria. Umma huu unahitaji mawakili watakaomtetea hata asiyeswali nao. Nanyi wazazi, chungeni maneno ya barazani, maana watoto wanahifadhi hayo upesi kuliko wanavyohifadhi aya.

Wabillahi tawfiq.