Waya wa HDMI Usiachwe Nyumbani

Mwandishi aliyewashauri abiria wa meli za kitalii waache nyaya na wabebe Chromecast amewapotosha. Kifaa hicho hakijitoshelezi: kinataka Wi-Fi, na kwa kawaida simu iwe kwenye mtandao uleule. Wi-Fi ya meli nayo mara nyingi humtaka abiria ajisajili kwanza kwenye ukurasa maalumu, ukurasa ambao Chromecast nyingi hazina pa kuufungulia. Umeshalipia intaneti, na picha bado haiji.

Waya hauombi intaneti. Pakua filamu zako kabla ya safari, chomeka kompyuta, tazama.

Mwandishi huyo anasema kweli kwamba baadhi ya televisheni za vyumbani zimefungwa: rimoti haina kitufe cha kubadili chanzo, au skrini imebanwa ukutani hata vidole havipenyi nyuma. Lakini Chromecast nayo huchomekwa kwenye tundu hilohilo la HDMI! Hili hakuligusa kabisa. Ukitaka kuchomeka simu badala ya kompyuta, si zote zitoazo picha kwa USB-C; iPhone 15 hutoa, nyingi za bei nafuu hazitoi. Jaribuni nyumbani.

Nanyi wenye meli, abiria amelipia chumba pamoja na televisheni yake. Fungueni tundu hilo.