Mkulima wa Mbinga hajakosa elimu, dodoso ndilo lina kasoro

Kila mwaka wenzetu wanaosoma masoko na fedha wanakwenda fildi na dodoso lilelile, wamebadilisha jina la wilaya tu. Maswali ni ya SERVQUAL, kipimo cha ubora wa huduma kilichotolewa Marekani mwaka 1988 chenye vipengele 22, au ni yale ya Fred Davis ya 1989 kuhusu watu kuikubali teknolojia. Sina ugomvi na wataalamu hao. Ugomvi wangu ni na sisi tunaonakili, halafu sura ya tano tunaandika: wananchi hawana uelewa wa huduma za kifedha, elimu itolewe.

Mimi nilikwenda Mbinga. Mada yangu ilikuwa ubunifu katika huduma za fedha: mawakala wa simu, akaunti za wakulima, mambo hayo. Swali la tisa liliuliza kama mteja anaamini fedha zake zitakuwa salama. Mama mmoja, mkulima wa kahawa, alijibu "sikubaliani kabisa" huku anaendelea kupukuchua mahindi. Nikaweka tiki. Kwenye kompyuta yule mama angekuwa namba 1, basi.

Nilipofunga daftari ndipo maongezi yakaanza. Mwanangu, akaniuliza, mwaka 2017 ulikuwa wapi? Nilikuwa shule, sikujua kitu. Mei ya mwaka huo Benki Kuu iliifutia leseni Mbinga Community Bank kwa sababu ya upungufu wa mtaji na ukwasi. Bima ya amana wakati ule ilikuwa na ukomo wa shilingi milioni 1.5, mwenye zaidi ya hapo alibaki kusubiri ufilisi. Yule mama hakuwa hata na akaunti pale. Lakini aliishi mji uleule, alisikia, na tangu hapo pesa ya kahawa ikiingia anaitoa yote, anageuza bati, mbolea, ada. Huyo ndiye tunayemwandika hana uelewa! Jamani, anaijua sekta ya benki kuliko mimi niliyeisoma semista mbili.

Na hapo sijashuka ziwani. Nyasa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi ilipogawanywa mwaka 2012, na wengi wetu bado tunachanganya sampuli za juu na za chini kama kundi moja. Juu pesa inakuja na msimu wa kahawa. Mbamba Bay na Liuli inafuata mwezi, ule wa angani. Usipa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti samaki vizuri, na mzunguko unapoa. Nilikaa kwa wakala mmoja siku mbili za mbalamwezi nikaandika "matumizi ya huduma ni ya chini". Yeye akacheka, akaniambia nirudi giza likiingia, nione anavyoishiwa floti. Sikurudi, bumu lilikuwa limekata.

Sasa swali letu la "unatumia huduma hii mara ngapi kwa mwezi?" linapima nini? Kwa mkulima wa kahawa halina maana, kwa mvuvi jibu linategemea tarehe uliyofika. Afadhali tungeuliza: mara ya mwisho ulipopata pesa nyingi, ilikuwa lini, na uliipeleka wapi? Swali moja tu, na kabla yake tusome historia ya mahali, hata kurasa mbili. Idara ikidai jedwali la asilimia, jedwali liwepo, lakini yale maongezi ya baada ya kufunga daftari yaingie kwenye sura ya nne, yasiachwe nyumbani kwa watu.

Ripoti yangu nilishaikabidhi. Ile sentensi ya "elimu itolewe" imo, na nilipata B+. Anayekwenda Mbinga mwakani anitafute, nitampa daftari.