Tripu ya changarawe isiyo na hela ya kufukia shimo, bei yake ni ya uongo

Naona vijana wengi siku hizi wanataka kuingia kwenye moramu na changarawe, na hesabu wanazopiga ni zilezile: hela ya wapakiaji, mafuta ya kijiko, mwenye shamba, kinachobaki faida. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi, mteja akihitaji tripu naagiza machimboni, kwa hiyo hesabu hizi nazijua. Shule niliishia kidato cha nne, haya nimejifunzia kazini. Na nasema hivi: kama kwenye bei ya tripu hujaweka hela ya kurudishia shimo, hujui faida yako bado.

Kwa nini? Kwa sababu shimo likiisha mzigo, haliingizi hata senti. Hapo ndipo unatakiwa umlipe mwenye kijiko, na mfukoni huna kitu. Wengi wanaondoka. Masika ikija shimo linajaa maji, mbu wanazaliana, watoto wa jirani wanaenda kuogelea. Wapo wanaozama. Tuache utani hapo, hiyo sio hasara ya biashara, ni msiba wa watu.

Sasa tupige hesabu. Tuseme eneo lako litatoa tripu 600. Kulirudishia kunahitaji kijiko siku 4, na kwa siku tuseme laki tisa pamoja na mafuta. Jumla 3,600,000. Gawa kwa 600, unapata 6,000 kwa tripu. Elfu sita tu! Ukiikata kila lori linapotoka na kuiweka pembeni, hutaisikia. Ukisubiri mwisho, milioni tatu na nusu ya kuzika kwenye shimo lisilolipa hutaitoa, tusidanganyane.

Na kurudishia sio kujaza mpaka usawa wa zamani. Utajaza na nini wakati mzigo umeshauza? Ni kulaza kingo zisiwe ukuta, kutengeneza njia ya maji yatoke, kurudisha udongo wa juu, kisha kupanda nyasi na miti. Ule udongo mweusi wa juu ndio mtaji wenyewe. Siku ya kwanza ukwangue, uweke pembeni, usichanganye na kifusi. Atakuja mtu wa bustani na hela mkononi anautaka. Usiuze, maana bila huo hata nyasi hazishiki.

Kitu kingine kinachopunguza gharama ni kuchimba kwa vipande. Maliza kipande cha kwanza, ukifungua cha pili lile takataka la juu lisilouzika linaenda kulaza kingo za kile cha kwanza. Kijiko kipo tayari hapo, hulipii tena lori la kukileta. Na msichimbe kwa kuingia chini ya ukingo kama panya, hata kama mzigo mzuri uko huko. Ukuta unashuka na watu. Shuka kwa ngazi.

Upande wa serikali, najua wengi wanaona ni usumbufu. Changarawe na mchanga ni madini kwa sheria yetu, kwa hiyo unahitaji leseni ndogo ya uchimbaji kutoka Tume ya Madini, inayodumu miaka 7 na inaweza kuhuishwa. Leseni hiyo haikupi ardhi, na mwenye shamba mkubaliane kwa maandishi. Mchimbaji mdogo anatakiwa pia awe na mpango wa kutunza mazingira. Halafu Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hapa ndipo watu wa mchanga wanapoumia, wanachimba mtoni usiku kwa sababu hakuna wa kumlipa. Analipa mwenye nyumba ya ukingoni, mto ukishahama.

Mtu ataniambia, jirani yangu hana leseni, hakati hata mia ya kufukia, anauza chini yangu, mimi nitauzia nani? Hoja yake ni ya kweli na inauma. Lakini jirani huyo akifungiwa asubuhi, mimi mwenye duka nimeshachukua hela ya mteja na fundi yuko saiti anasubiri. Ndiyo maana nanunua kwa mwenye karatasi hata akinizidishia elfu kumi. Wakandarasi wa barabara nao karatasi wanaulizia kabla ya bei.

Kwa hiyo ukienda ofisi ya Afisa Madini Mkazi kuulizia leseni, ulizia na huo mpango wa mazingira siku hiyohiyo. Andika humo shimo litafungwaje, kwa kijiko siku ngapi. Ukitoka hapo ndipo upange bei ya tripu.