Ugumu Si Ishara

Kauli hii haikosi mtaani: "Ukiona jambo linakuwia gumu, ujue si fungu lako." Huambiwa msichana aliyefeli mtihani, kijana ambaye genge lake bado halina wateja, mama aliyeanza kujifunza kuendesha gari ukubwani. Husemwa kwa upole, mara nyingi na watu wanaotupenda, tena husindikizwa na jina la Mungu ili isipate mpinzani. Mimi naipinga. Ni kauli ya uongo, na upole wake ndio unaoifanya iwe ya hatari.

Tazama somo la Hisabati nchini Tanzania. Kwa miaka mingi, katika mtihani wa kidato cha nne, wanaofaulu somo hilo wamekuwa kama mmoja kati ya wanne au watano. Sababu zipo na wote tunazijua: walimu wachache, madarasa yaliyofurika, vitabu vya kugawana, lugha ya kufundishia inayobadilika mtoto anapoingia sekondari. Lakini uliza mtaani, utajibiwa kwa maneno matatu: hesabu ina wenyewe. Kwa jibu hilo kila mtu ameshasamehewa. Serikali haidaiwi walimu, shule haidaiwi mazoezi, mzazi hadaiwi kufuatilia daftari, na mwanafunzi hadaiwi jioni yake. Anayebaki na lawama ni Muumba, kwamba aligawa vipaji akamruka mtoto wetu.

Nenda sasa kwenye kituo cha masomo ya jioni, kwa watu wazima wanaorisiti. Nimemwona huko dada mmoja, mchana ni muuzaji wa duka la dawa, akipambana na swali la logi. Kaunta buku lake limefutwafutwa hadi karatasi imetoboka. Anaandika mistari mitano, jibu linakataa. Anarudi juu kidole kikifuata mstari kwa mstari, mpaka wa tatu, ambapo alama ya kutoa imegeuka kuwa ya kujumlisha. Anafuta, anaanza upya. Ukimtazama uso ulivyokunjamana utasema huyu somo si lake. Kumbe dakika zile za uso kukunjamana ndimo anamojifunza zaidi kuliko saa nzima ya kunakili ubaoni mkono ukiteleza tu.

Hili limepimwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo kikuu. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kusoma habari ileile. Jingine lilipewa kipindi kimoja cha kusoma, kisha vipindi vitatu vya kuandika kwa kichwa kila walichokumbuka, bila kuitazama habari. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nyingi waliongoza kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka: hao waliosomasoma walikumbuka asilimia 40, na wale waliojikamua vichwa walikumbuka asilimia 61. Linaloniuma zaidi ni jambo la tatu. Kabla ya kupimwa, waliosoma mara nyingi ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Wepesi uliwadanganya. Walihisi wanajua kwa sababu hawakuumia.

Maustadhi wa madrasa zetu walilijua hili bila maabara. Mtoto anayehifadhi Qurani hufunga msahafu, hukaa mbele ya mwalimu, akasoma kwa kichwa. Akikwama husahihishwa na kurudishwa nyuma. Hata akimaliza juzuu zote 30, murajaa, yaani kurudia alichohifadhi, haiishi, maana asiporudia zinamponyoka. Sijapata kusikia ustadhi akimwambia mtoto kwamba kwa kuwa amekwama kwenye aya, basi Qurani si fungu lake. Humwambia arudie. Sasa kama katika elimu tunayoitukuza kuliko zote kukwama ni sehemu ya safari, nani ametuambia kwamba kwenye hesabu, kwenye biashara au kwenye ufundi kukwama ni ujumbe kutoka mbinguni?

Watetezi wa fungu wana hoja yao wanayoipenda: wakimbiaji wa Bonde la Ufa. Wale, wanasema, wamezaliwa hivyo. Basi tumchukue mmoja wao, Eliud Kipchoge. Mwaka 2003, akiwa na miaka 18, alishinda dhahabu ya dunia ya mita 5,000 jijini Paris, mbele ya Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Mwaka 2012 akashindwa hata kupata nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Kama ugumu ni ishara, ipo ishara iliyo wazi kuliko hiyo? Bingwa wa dunia anaachwa nyumbani na nchi yake. Mwaka uliofuata alihamia marathoni na kushinda Hamburg. Berlin, mwaka 2015, soli za ndani za viatu vyake zilichomoka zikawa zinapigapiga nje ya kisigino kilomita baada ya kilomita, akafika mwisho wa kwanza, mguu ukiwa na damu. Kwenye barabara za Berlin hizohizo alivunja rekodi ya dunia mwaka 2018, kisha akaivunja tena mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9.

Na aliifikia vipi? Kambi yake ipo Kaptagat, yapata mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na huko bingwa wa Olimpiki husafisha vyoo kwa zamu kama wenzake. Kila Alhamisi ni mbio ndefu, wiki hii kilomita 30, wiki ijayo 40, kwenye barabara ya udongo. Alhamisi ikifika hakuna anayemuuliza kama amejisikia. Ratiba imeshaamua kabla mwili haujaombwa maoni, na hapo ndipo penye siri ya kudumu kwenye lengo. Anayesubiri hamu imjie ndipo aanze, ameukabidhi usukani kwa hali ya hewa.

Utaniambia: wapo waliokimbia kila Alhamisi na hawajawahi kushinda hata mbio za wilaya. Kweli kabisa. Wala sisemi ugumu ni ahadi ya ushindi. Huo ni uongo wa upande wa pili, unaouzwa kwa kiingilio kwenye semina za hamasa. Ugumu haukuambii uache, wala haukuambii utashinda. Kuhusu kesho hausemi lolote. Unakuambia tu kwamba unafanya kitu ambacho bado hujakizoea.

Tena upo ugumu wa kukimbiwa. Goti linalovimba kila ukikimbia, mwajiri asiyelipa mshahara, nyumba yenye kipigo: hayo ni madhara, na anayeyaondokea ana akili timamu. Kipchoge mwenyewe alitoka mbioni baada ya kilomita 30 katika Olimpiki ya Paris 2024, kwa maumivu ya mgongo, na heshima yake haikupungua. Kuvitofautisha viwili hivi si kazi kubwa. Ugumu wa kujifunza huhama. Swali lililokukosesha usingizi Januari, ifikapo Machi unalifanya huku unaongea, na linalokusumbua ni jingine lililo juu yake. Madhara hayahami. Hukaa palepale, yakaongezeka.

Na hata asiyefika mwisho hajapoteza, jambo ambalo imani ya fungu haiwezi kulielewa. Kimani Maruge alianza darasa la kwanza Januari 2004, akiwa na miaka 84, katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo mjini Eldoret, mwaka mmoja baada ya Kenya kufuta ada za shule za msingi. Mzee alivaa sare, kaptura na soksi ndefu, akakaa na watoto wenye umri wa vitukuu vyake, kwa sababu alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Ghasia za baada ya uchaguzi zilimtoa kwake mwanzoni mwa 2008 zikamtupa kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani. Hata huko hakuacha shule. Alifariki Agosti 2009, hajamaliza elimu ya msingi. Kwa mizani ya fungu, mzee huyu alipewa kila ishara ya kuacha: umri, vita, maradhi, na mwisho mauti. Lakini alijua kusoma.

Kudra ina mahali pake. Matokeo tumwachie Mungu. Mazoezi alituachia sisi. Maneno ya fungu yanafaa msibani, kumfariji aliyepoteza kisichorudi. Hayafai kwa mtoto wa miaka 15 aliyerudi nyumbani na alama 18 za Hisabati, kwa sababu yeye hajapoteza chochote, ameonyeshwa tu pa kuanzia. Huyo anahitaji kuulizwa maswali matatu. Ulikwama mstari upi? Nani atakuonyesha? Utarudia lini? Swali la tatu lijibiwe kwa siku na saa, na siku hiyo ikifika mzazi awepo, redio izimwe, daftari lifunguliwe. Akikwama tena, maswali ni yaleyale.