KESI YA DEREVA MLEVI INATAKA FUNDI WAKE



Dereva mlevi akishikwa barabarani, watu husema, "Ameshikwa, mambo yamekwisha." Sisi twasema mambo hayajaanza. Kumshika ni kazi ya polisi. Kuthibitisha kosa lake mbele ya hakimu ni kazi nyingine, nayo ina ufundi wake kama kutengeneza motokaa au kuchomelea vyuma. Tena jambo hili latuhusu sisi kabla ya wengine. Ni nani anayetembea kando ya barabara alfajiri akienda kiwandani? Ni nani anayengoja basi gizani baada ya zamu ya usiku? Ni mfanyakazi.

Tazameni habari za Marekani. Mwaka 2022 watu 13,524 walikufa huko katika ajali ambazo dereva mmojawapo alikuwa na pombe katika damu ya asilimia 0.08 au zaidi. Nchi ile haina upungufu wa mashine za kupima wala wa maabara. Lakini waliona kwamba mara nyingi kesi za ulevi barabarani hupewa waendesha mashtaka vijana walioanza kazi juzi, na kumbe ni kesi ngumu sana. Wakili wa mshtakiwa husimama akauliza: Mashine hii ilikaguliwa lini? Damu hii ilipita mikononi mwa nani tangu ilipotolewa hata ikafika maabara? Wewe askari, ulijuaje kwamba macho yake yalitetemeka kwa pombe wala si kwa ugonjwa? Kijana akikosa jibu, kesi yaanguka.

Kwa hiyo majimbo ya huko yameweka mwendesha mashtaka maalum wa mambo ya barabarani, na gharama yake hutoka mara nyingi katika fedha za serikali kuu za usalama wa barabarani. Mtu huyu kwa kawaida hachukui kila kesi. Yeye ni mwalimu na mshauri wa wenzake. Huwafundisha waendesha mashtaka na polisi jinsi ya kukusanya ushahidi na kuueleza kortini. Wakikwama humpigia simu. Huwasaidia kupata mashahidi wataalamu, na korti kubwa ikitoa hukumu mpya huwaeleza maana yake. Mfano ni huu: mwaka 2016 Korti ya Juu ya Marekani ilikata kwamba mtu akikamatwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa, polisi waweza kumpima pumzi bila hati ya hakimu, lakini kule kukamatwa peke yake hakuwapi ruhusa ya kumtoa damu. Askari asiyeelezwa tofauti hiyo aweza kuiharibu kesi nzima kwa sindano moja.

Na sisi Kenya tulipata somo letu. Mwaka 2017 Korti ya Rufani ilikata kwamba kanuni za kupima pumzi za mwaka 2011 zilipingana na Sheria ya Trafiki yenyewe. Sheria ilisema kosa ni kulewa hata dereva asiweze kuiongoza gari sawasawa, na kanuni zilitazama kiasi cha pombe katika pumzi. Maana yake ni kwamba namba ya mashine peke yake si kesi. Atakiwa shahidi aliyeona gari ilivyokwenda, na dereva alivyosimama na alivyosema. Tena atakiwa mwendesha mashtaka ajuaye kumwuliza shahidi huyo maneno yanayofaa.

Ndugu zetu madereva watauliza, "Je, chama chataka tufungwe?" Hata kidogo. Tazameni jinsi mambo yanavyokwenda pale ambapo mashtaka huendeshwa kwa kubahatisha. Mwenye pesa huweka wakili hodari, akatafuta kasoro, akaenda zake. Dereva wa mshahara hana wakili. Huogopa kurudi kortini siku baada ya siku huku mshahara wake ukikatwa, basi hukubali kosa, hata kama hakulitenda, alipe faini aende kazini. Mwendesha mashtaka anayeijua kazi yake huona mapema kwamba ushahidi hautoshi, akaiondoa kesi. Na penye ushahidi, fedha za mshtakiwa hazimbabaishi. Hiyo ndiyo haki tunayoitaka: mlevi afungwe awe tajiri au maskini, na asiye na kosa arudishiwe leseni yake.

Tangu Katiba ya mwaka 2010 mamlaka ya mashtaka ya serikali yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Twamwomba aweke watu wa namna hiyo kwa ajili ya korti zinazosikiliza kesi za barabara zetu kubwa, wawafundishe waendesha mashtaka wenzao pamoja na polisi. Twaomba tena mashine zikaguliwe kwa wakati, na daftari za ukaguzi ziletwe kortini, ili dereva asihukumiwe kwa chombo kibovu.

Nasi tuna wajibu wetu. Mwenzetu akitaka kushika usukani amelewa, tumnyang'anye ufunguo. Kumficha si urafiki. Matawi yote yajadili jambo hili katika mikutano yao na kumpelekea Katibu maazimio yao. Kesi ikianguka kwa kukosa ujuzi, aliyeachiliwa hurudi barabarani jioni ile ile, nasi tungali tukitembea kando yake.