Kiodia na Hoja ya Uhaba wa Vitabu

Mwaka 1870, katika mji wa Balasore, mwalimu wa Kibengali aitwaye Kantichandra Bhattacharya alichapisha kijitabu akidai ya kwamba Kiodia si lugha ya kujitegemea. Madai hayo hayakuwa mzaha wa wanazuoni. Nyuma yake zilikuwako kazi za ualimu na ukarani, na biashara ya vitabu vya shule. Waodia, wenyeji wa mashariki ya Bara Hindi chini ya utawala wa Waingereza, walikuwa wametoka tu katika njaa ya 1866 iliyoua watu wapatao milioni moja. Mtu hajamaliza matanga, anaambiwa hata lugha yake si lugha!

Sisi twasema kufanana si kuwa kitu kimoja. Kiodia na Kibengali ni ndugu, hilo halina ubishi. Lakini Sarala Das alikwisha kuitunga Mahabharata kwa Kiodia katika karne ya 15. Na herufi za Kiodia zina umbo lake la mviringo, kwani ziliandikwa kwa kalamu ya chuma juu ya majani ya mvumo, na mstari mnyoofu ungeyapasua.

Ngao kuu ya wapinzani ilikuwa uhaba wa vitabu. Hoja hii walimu wetu waijua fika: huletwa kila inapotajwa sekondari kufundishwa kwa Kiswahili. Fakir Mohan Senapati hakuijibu kwa maneno matupu. Alishiriki kuanzisha kiwanda cha chapa hapo hapo Balasore, akaandika vitabu vya kusomeshea, pamoja na historia ya Bara Hindi. Angengoja vitabu viwepo kwanza, nani angeviandika?

Mwaka 1895 iliamriwa huko Sambalpur Kihindi kiwekwe mahali pa Kiodia. Amri ikapingwa hadi ikafutwa. Tarehe 1 Aprili 1936 Waodia wakapata jimbo lao kwa msingi wa lugha. Sheria ya 1954 ikakifanya Kiodia lugha rasmi, lakini mafaili yakaendelea kuandikwa kwa Kiingereza miaka mingi. Heshima ya lugha ya kale, iliyotolewa 2014, hatuibezi. Ila haimsomei mkulima barua ya serikali.

Wala Waodia wenyewe hatuwaachi bila swali. Humo jimboni wamo Wasantali, Wakui na wengineo. Mtoto wa Kikui aliyekuta darasani Kiodia kitupu alipatwa na yale yale ya Sambalpur, na ni katika miaka ya 2000 tu ndipo baadhi ya shule zilipoanza kumfundisha kwa lugha ya mama yake.