Wanachama wa Simba na Yanga, itazameni Valencia

NJE YA CHAKI
Na Hamisi Mbwambo

Mei 2014, klabu yao ilipopata mnunuzi, mashabiki wa Valencia walikusanyika nje ya Uwanja wa Mestalla kushangilia. Mnunuzi alikuwa Peter Lim, tajiri wa Singapore ambaye wengi wao hawakuwahi hata kumtia machoni. Leo katika uwanja huohuo watu walewale wanainua mabango ya njano yanayomtaka arudi kwao. Wamewahi kubaki nje hadi dakika ya 19 ya mchezo, kwa kumbukumbu ya mwaka 1919 ilipozaliwa klabu, ili televisheni zionyeshe viti vitupu. Mwaka 2024 shabiki mmoja aliyekwenda fungate Singapore na mkewe alipiga picha na bango la aina hiyo hukohuko kwa Lim. Wawili hao wakazuiwa kuondoka nchini humo kwa siku kadhaa huku polisi wakiwachunguza.

Wiki hii ningeweza kuandika habari za usajili wa hapa nyumbani kama wenzangu wote. Nimechagua Valencia kwa sababu yaliyoipata ndiyo tunayoyakaribisha sisi, na wao wametutangulia kwa miaka kumi na zaidi.

Kwa vijana ambao wanaijua Valencia ya kupigania kutoshuka daraja tu, hii ilikuwa timu ya kutisha. Ilicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2000 na tena mwaka 2001. Chini ya Rafa Benítez ikachukua ubingwa wa Hispania mwaka 2002 na 2004, na mwaka huohuo wa 2004 ikaongeza Kombe la UEFA. Real Madrid na Barcelona walikuwa wakienda Mestalla roho mkononi.

Kilichoiangusha ni madeni. Mwaka 2007 viongozi walianza kujenga uwanja mpya kabla hawajauza eneo la ule wa zamani. Bei za ardhi zikaporomoka, na Februari 2009 mafundi wakaondoka. Yale magofu ya zege yakasimama kando ya barabara kuu ya jiji, bila viti wala paa, hadi Januari 2025 kazi iliporejea. Mtoto aliyezaliwa mwaka ujenzi uliposimama alikuwa kidato cha tatu.

Tangu sheria ya michezo ya mwaka 1990, klabu nyingi za Hispania zililazimishwa kuwa kampuni. Real Madrid, Barcelona, Athletic Bilbao na Osasuna ndizo zilizobaki mikononi mwa wanachama. Valencia ikawa kampuni ya hisa, na hisa zinauzwa. Kwa hiyo benki iliyokuwa inaidai ilipotaka chake, mali ilikuwa tayari imewekwa katika umbo la kupelekwa sokoni. Lim, kupitia kampuni yake ya Meriton, akachukua takriban asilimia 70 kwa euro milioni 94. Siwalaumu mashabiki walioshangilia. Mtu aliyebanwa na deni haulizi maswali mengi anapotokea wa kumlipia.

Sasa njoo kwa wakala. Rafiki mkubwa wa Lim katika soka ni Jorge Mendes, Mreno anayemsimamia kila mtu unayemjua. Januari 2014, Lim akiwa bado hajainunua Valencia, Meriton ilinunua haki za wachezaji wawili wa Benfica, Rodrigo na André Gomes, kwa jumla ya euro milioni 45. Wote wawili wakaishia Valencia. Kocha wa kwanza wa enzi mpya akawa Nuno Espírito Santo, ambaye ndiye mchezaji wa kwanza kabisa Mendes kumsimamia alipoanza kazi ya uwakala. Kutoka Benfica akaja pia João Cancelo, kisha Enzo Pérez.

Tazama vizuri meza hiyo imekaaje. Mwenye klabu na wakala ni marafiki. Kocha ni mtu wa wakala, na wachezaji wengi wanaoletwa wanapita mkono huohuo. Kocha anaposema namtaka huyu, nani atajua kama ni jicho lake la ufundi linalosema au ni fadhila anayolipa? Sidai kwamba sheria ilivunjwa. Hata mtindo wa kampuni kumiliki haki za mchezaji FIFA iliupiga marufuku baadaye, kuanzia Mei 2015. Ninachosema ni kwamba klabu haikuwa na mtu wa kuketi upande wa pili wa meza na kusema bei hii hapana, mchezaji huyu hatumhitaji.

Msimu wa kwanza ulikuwa mtamu. Valencia ilimaliza ya nne na kurudi Ligi ya Mabingwa. Ushindi ndio unaofunga midomo. Timu ikishinda, anayeuliza mikataba anaitwa mchawi, msaliti, mtu wa upande wa pili. Hapa kwetu tunamjua vizuri mtu huyo, na tunajua anavyozomewa kwenye matawi. Lakini kiangazi cha 2015, palepale kwenye utamu, mwenyekiti mtendaji Amadeo Salvo na mkurugenzi wa michezo Francisco Rufete waliondoka. Salvo ndiye aliyempigia debe Lim kwa mashabiki. Mlinzi wa mlango alipoondoka, wenye nyumba hawakushtuka.

Kabla mwaka haujaisha, Nuno naye akaondoka na nafasi yake akapewa Gary Neville. Neville alikuwa beki mzuri na mchambuzi hodari wa televisheni, lakini hakuwahi kuwa kocha mkuu wa klabu yoyote. Alikuwa pia mbia wa Lim katika klabu ya Salford City kule Uingereza. Februari 2016 Barcelona wakawafunga 7-0 katika nusu fainali ya Kombe la Mfalme, na mwezi uliofuata akafukuzwa. Klabu yenye fainali mbili za Ulaya ilitumika kumfundishia kazi rafiki wa tajiri.

Mwaka 2017 walikuja Mateu Alemany kusimamia klabu na Marcelino kufundisha, na ghafla kazi ikaanza kufanywa na wanaoijua. Nafasi ya nne mara mbili mfululizo. Mei 2019, katika mwaka wa kutimiza miaka mia moja, wakaifunga Barcelona ya Messi 2-1 na kulibeba Kombe la Mfalme. Wazee walilia kule Sevilla, ilikochezwa fainali. Miezi minne haikutimia, Septemba 11, Marcelino akafukuzwa. Mwenyewe alisema hadharani kwamba anaamini kulitwaa kombe lile ndiko kulikomponza, maana wakubwa walikuwa wamemwonyesha kuwa halikuwa lengo lao. Alemany naye akafuata Novemba.

Hapo ndipo mashabiki walipovunjika moyo moja kwa moja, na nawaelewa. Kushindwa wanakuzoea. Kinachouma ni kuona kosa lako ni kufanikiwa bila kupitia kwa mtu.

Mwaka 2020 Ferran Torres, kinda wa miaka 20 aliyelelewa na klabu, akauzwa Manchester City. Nahodha Dani Parejo, aliyelinyanyua kombe lile mwaka mmoja nyuma, akaachiwa bure kwenda Villarreal. Pamoja naye akaenda Francis Coquelin. Villarreal ni mji wa watu kama elfu 50, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Mestalla. Mei 2021 Parejo akiwa na jezi ya njano ya jirani alichukua Europa League kwa kuwashinda Manchester United kwa penalti 11-10. Kocha alikuwa Unai Emery, naye aliwahi kuifundisha Valencia.

Naomba msomaji akae hapo kidogo, kwa sababu Villarreal inajibu hoja ambayo nasikia kila siku, kwamba anayehoji wawekezaji anataka klabu zibaki kuombaomba. Villarreal ina tajiri. Fernando Roig, mfanyabiashara wa vigae, ameimiliki tangu 1997. Kiwanda chake kiko mkoa huohuo, wachezaji wa akademi wanamwona uwanjani, na mambo yakiharibika hana Singapore ya kukimbilia. Anauza wachezaji kila mwaka na anafanya biashara na mawakala kama wengine wote. Tofauti ni kwamba pale wakala anabisha hodi ofisini kama mgeni, anauza alichonacho na kuondoka. Klabu yenyewe ndiyo inayoamua inataka beki au mshambuliaji.

Valencia ilifikia kumaliza ya 16 msimu wa 2022/23, ikinusurika siku ya mwisho. Kabla ya hapo walikuwa wamemleta Gennaro Gattuso, mteja mwingine wa Mendes, akaondoka katikati ya safari. Tangu Machi 2025 rais wa klabu ni Kiat Lim, mtoto wa mwenye mali. Mashabiki hawana kura ya kumkubali wala kumkataa.

Sasa turudi nyumbani, Msimbazi kwa Simba na Jangwani kwa Yanga. Desemba 2017 Simba ilimtangaza Mohammed Dewji kuwa mshindi wa zabuni ya asilimia 49 kwa Shilingi bilioni 20, wanachama wakibaki na 51 kama Serikali ilivyotaka. Yanga nao wakaingia njia hiyohiyo, na mwaka 2020 walisaini mkataba na La Liga, ligi ileile inayoicheza Valencia, ili ishauri namna ya kubadilisha mfumo. Fedha za wawekezaji zimefanya kazi ya kuonekana. Mishahara inalipwa, timu zinapanda ndege mapema, na Afrika wanatuheshimu. Sitaki turudi kwenye enzi za kuchangishana kwenye matawi ili timu ipate nauli.

Lakini ile 51 ni ya nini? Nimewauliza wanachama wengi wenye kadi swali hilo, na jibu lao karibu wote ni kwamba inamzuia tajiri asiuze klabu. Sawa. Valencia haikuuzwa tena tangu 2014, na tazama ilipofika. Klabu inaweza kubaki jina lako huku kila kilichomo ndani kikiamuliwa na wengine, dirisha hadi dirisha.

Wapenzi wa soka wa nchi hii wana msamiati kamili wa jambo hili. Wanajua garasa ni nani, yule wa kigeni aliyepokelewa uwanja wa ndege kwa vuvuzela, akacheza dakika chache, kisha Desemba akaagwa kwa picha ya shukrani. Wanajua cha juu ni nini. Mchezaji tuseme thamani yake ni dola elfu 60, karatasini inaandikwa 100, na ile 40 inagawanywa kabla hajavua viatu vya safari. Wanachokosa ni karatasi. Kwa hiyo hasira zote zinamwangukia yule kijana wa kigeni aliyekosa bao la wazi kwa Mkapa, wakati aliyemleta yuko hotelini anaandaa mwingine wa dirisha dogo.

FIFA ilijaribu kuweka ukomo wa malipo ya mawakala katika kanuni zake za 2023. Mawakala wakaenda mahakamani Ulaya, na Desemba mwaka huohuo FIFA ikasimamisha vipengele hivyo dunia nzima. Tusisubiri msaada kutoka Zurich. Ila kuna jambo moja la Waingereza ambalo halihitaji FIFA wala mahakama. Kila mwaka chama chao cha soka kinachapisha fedha ambazo kila klabu imewalipa mawakala. Kati ya Februari 2023 na Februari 2024 klabu za Ligi Kuu yao zililipa zaidi ya pauni milioni 400, na Chelsea peke yake kama milioni 75. Shabiki wa Chelsea anaposimama kumhoji mmiliki, anayo namba mkononi.

TFF na Bodi ya Ligi wanaweza kulifanya hilo msimu huu. Leseni ya klabu tayari inadai hesabu, sasa iongezwe safu ya malipo ya mawakala, na ichapishwe. Na katiba za klabu zetu, ambazo bado zinarekebishwa, ziandikwe kipengele kwamba ndugu, mbia au mwajiriwa wa mwekezaji hawi wakala katika usajili wa klabu hiyo, na kwamba wajumbe wanaowakilisha wanachama kwenye bodi wanauona kila mkataba wa usajili kabla haujasainiwa. Mwekezaji mwenye nia njema hapotezi kitu hapo. Naye ndiye anayeibiwa cha juu kinapopita.

Najua nitaambiwa mikataba ni siri ya mchezaji. Mshahara wake ubaki siri. Fedha ya klabu iliyokwenda kwa mtu wa kati si siri ya mchezaji.

Mkutano mkuu ujao wa klabu yako, ndugu mwanachama, kabla hamjafika kwenye taarifa ya mafanikio na makofi, nyoosha mkono. Uliza dirisha lililopita klabu ililipa mawakala shilingi ngapi, kina nani walilipwa, na kila mmoja aliletwa na nani. Kama meza kuu haina karatasi ya kujibu, omba ajenda isimame mpaka iletwe.